Wamemtoa Ndani

Al Twar, Dubai
8 Aprili 2025

Kwako mjomba Nasifu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mkono wako wa kurushia mpira ukiwa mzima pia, maana mama akikuombea dua huutaja mkono kando, kama vile ni mtu mwingine. Sisi hatujambo. Baba anakusalimu. Bado yuko kwenye ofisi ile ile ya mizigo Deira na bado anarudi nyumbani akinuka maboksi. Idi ilikuwa njema, ila mama alipangiwa zamu siku ya kwanza, kwa kuwa maduka hayafungwi, basi biriani tukaila siku ya pili na hakuna aliyelalamika.

Mimi nimemaliza shule. Mtihani wa mwisho ulikuwa wa Uhasibu na sijui nimefanyaje. Sasa niko nyumbani. Baba anasema nipumzike, mama anasema nisizoee kupumzika.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu unajua mwenyewe inavyokuwa. Laini inakatika, baba anasema "hallo, hallo" kana kwamba anaita gari, mama anakuuliza umekula nini, na simu ikinifikia mimi nasema "salama" halafu maneno yananikimbia. Kwenye karatasi hakuna anayenitazama. Ukitaka kujibu, tumia sanduku la posta la ofisi ya baba, nimeliandika nyuma ya bahasha.

Mjomba, nimeiona ile video ya besiboli uliyomtumia mama. Mpira umepigwa chini chini, kwa nguvu, na kila mtu alijua umepita. Wewe ukaanguka upande wa kushoto, ukauokota ukiwa bado umelala, ukapiga goti moja na kuurusha bila kutazama. Yule mkimbiaji alikuwa amebakiza hatua mbili afike kituoni. Nimeitazama mpaka mama akaniuliza kama nimepoteza kitu ndani ya simu.

Mama naye amewaambia wenzake wote kazini. Uliwahi kumwambia kwamba nafasi yako uwanjani kwa Kiswahili ni mlinzi wa ndani, na jina hilo amelipenda kuliko unavyodhani. Unajua yeye ni msimamizi wa walinzi sasa kule kwenye maduka. Walinzi wanaopangwa ndani, penye AC na sakafu inayong'aa, ni wale wanaoaminika. Kwa hiyo akisema "mdogo wangu yuko Marekani, ni mlinzi wa ndani," wenzake wanaitikia kwa heshima, na nadhani nusu yao hawajui kwamba kuna mpira.

Nataka kukuuliza jambo moja. Ulijuaje kwamba unaweza? Sio siku ya video. Siku ya kwanza kabisa, kule Kampala. Wenzangu wa darasani wote wanajua wanachotaka. Mimi nikiulizwa natazama viatu vyangu.

Mpwa wako anayekuheshimu,
Ummulkheir


27 Aprili 2025

Mpwa wangu Ummu,

Marahaba, marahaba. Barua yako ilinikuta kwenye chumba cha kubadilishia nguo na wenzangu wakadhani nimeshtakiwa mahakamani, kwa sababu huku mtu hapati karatasi yenye stempu ila kwa ubaya. Nilipowaambia ni mpwa wangu kutoka Dubai, yule Mdominika ninayeishi naye, kijana wa Jamhuri ya Dominika, aliuliza kama una ngamia. Nimemwambia unao wawili, mmoja wa shule na mmoja wa sokoni. Ukikutana naye siku moja usiniangushe.

Mkono haujambo. Nami pia. Mji wetu ni mdogo: barabara moja, kanisa kila pembe, na mahindi pande zote mpaka unapofika upeo wa macho. Mama mwenye nyumba, bibi mmoja mnene mwenye huruma, amejifunza kwamba sili nguruwe, basi kila siku ananipa kuku. Hata mbwa wake ameanza kunitazama kwa masikitiko. Ligi yetu hii ni ndogo, umeiona kwenye video, mabenchi ni ya mbao na Jumanne watu ni wachache. Timu kubwa iliyotusajili iko mbali, tunaiona kwenye televisheni tu. Kati yetu na wao kuna ngazi nne, na kila ngazi ina vijana wanaorusha vizuri kuliko mimi. Nakuambia ujue, usije ukanisifu kupita kiasi kwa wenzako.

Umeniuliza nilijuaje. Sikujua. Mwalimu aliyetuletea mchezo huu alikuwa na glavu sita na sisi tulikuwa thelathini. Mimi nilipata kwa sababu nilisimama karibu. Hilo ndilo jibu lote, usilitafutie maana kubwa.

Kuna habari moja ndogo. Wameniondoa kwenye ulinzi wa ndani. Kuanzia wiki iliyopita mimi ni mrushaji. Yaani sasa nasimama peke yangu katikati ya uwanja, juu ya kichuguu cha udongo, na kazi yangu ni kumrushia mpigaji mpira asiweze kuupiga. Kocha anasema nina mkono wenye nguvu na ni hasara kuuacha pembeni. Basi ninaanza upya na watoto wa miaka kumi na minane. Ndiyo hivyo. Mwambie dada asihangaike.

Pongezi kwa kumaliza shule. Msalimu shemeji.

Mjomba wako,
Nasifu


Al Twar
20 Mei 2025

Kwako mjomba,

Shikamoo. Tumepokea barua yako, na stempu yake baba ameikata kwa mkasi na kuibandika kwenye friji bila kutoa maelezo. Matokeo yangu yametoka. Nimefaulu, si kwa kishindo, lakini Uhasibu nimepata vizuri kuliko nilivyoogopa. Joto limeanza. Mama mguu unamsumbua kidogo kwa kusimama, anasema ni viatu.

Sasa inabidi nikueleze yaliyotokea, na nakuomba usinikasirikie mimi, kwani nilikuwa nasoma tu.

Mama anapenda nimsomee barua zako kwa sauti akiwa anapiga pasi yunifomu. Alicheka kuhusu ngamia. Alicheka kuhusu mbwa. Nikafika pale, "Wameniondoa kwenye ulinzi wa ndani." Pasi ikasimama.

"Wamemtoa ndani?"

"Ndivyo alivyoandika, mama."

"Amefanya nini?"

Nikamwambia hujafanya kitu, wamekubadilisha tu. Akasema, "Ummu, mimi ndiye ninayepanga watu. Mtu hatolewi ndani bure. Amelala zamu, amegombana na mteja, au kuna aliyemchongea. Endelea."

Nikaendelea. Nilipofika "nasimama peke yangu," akaniuliza, "Juani?" Nikasema nadhani ni juani, mjomba, maana sikujua. "Juu ya kichuguu?" Nikasema ndiyo. Akazima pasi kabisa. Akasema hata yule mlinzi aliyepatikana amelala kwenye chumba cha sala alipelekwa lango la pakingi, lakini angalau alipewa mwavuli.

Baba alijaribu. Alisema, "Jalia, huo ni mpira, si lindo." Mama akamjibu kwamba kazi ni kazi, na ukitaka kumfukuza mtu bila kumfukuza, unamhamisha.

Siku ya pili akaenda kwa Bwana Hudson, yule Mganda mwenzenu anayesimamia zamu za kampuni yao yote. Sijui alimwambiaje, ila alirudi na jibu. Kuna nafasi moja. Ni ya ndani, kwenye jengo la ofisi, si maduka hata, na vitanda ni vinne tu katika chumba cha kulala walinzi, karibu na mtaa wa Discovery Gardens. Hudson ataishikilia mpaka katikati ya Agosti kwa heshima ya mama. Unatakiwa useme ndiyo au hapana.

Mama amenituma nikuandikie hivi: "Hakuna aibu. Njoo. Mimi nipo." Nimeandika kama alivyosema.

Mimi sina maoni. Ninakuuliza tu, mrushaji ni nani hasa? Nimetafuta kwenye simu lakini maelezo yote yanaanza kana kwamba tayari unajua.

Wako,
Ummulkheir


12 Juni 2025

Mpwa wangu,

Idi njema iliyopita. Nilisali na familia moja ya Wasomali katika mji wa jirani, wakanilisha mpaka nikashindwa kufunga mkanda. Huku mvua inanyesha na mechi mbili zimeahirishwa. Mdominika anakusalimu wewe na ngamia.

Nimefurahi kuhusu Uhasibu. Mwambie dada abadilishe viatu kweli, asiseme tu.

Kuhusu yale mengine, mwambie nimepata ujumbe wake na ninamshukuru Bwana Hudson. Mkono umechoka kidogo, sina mengi leo.

Nasifu


Al Twar
1 Julai 2025

Mpendwa mjomba,

Shikamoo. Barua yako ilikuwa fupi hivi kwamba baba aliitikisa bahasha kuona kama kuna karatasi nyingine imebaki. Sisi hatujambo. Mama amenunua viatu vipya, vina soli nene, anatembea kama askari wa gwaride. Mimi natafuta kazi. Nimeitwa mahali pawili. Pa kwanza nilizungumza kwa sauti ndogo mpaka yule bwana akainama mezani ili anisikie. Hawajapiga simu.

Kwa kuwa hukunijibu mrushaji ni nani, nilikwenda kutafuta mwenyewe.

Kule kazini kwa mama kuna dada mmoja Mfilipino, Virginia, wa dawati la maelezo. Mume wake anacheza besiboli kila Jumapili asubuhi, Wafilipino na Wajapani, kwenye uwanja wa mchanga karibu na Discovery Gardens. Ilinichukua siku nyingi kumwomba mama nambari yake, na nyingine nyingi kumwandikia Virginia. Alinijibu papo hapo, "Njoo, lete maji."

Nilipanda metro peke yangu, nikabadilisha mara mbili. Sijawahi kwenda mbali hivyo peke yangu, hata kama kwako ni kitu kidogo. Nilipofika walikuwa wameshaanza, kwa sababu jua likipanda hakuna anayeweza kucheza tena. Virginia ni mtu wa kelele. Aliniketisha kando yake, juu ya kreti, na kila kitu kilichotokea alinieleza kwa mdomo uliojaa karanga.

Nilimuuliza ni kweli kwamba mrushaji ni mtu aliyetolewa ndani. Alinitazama kama nimeuliza kama mpishi ni mtu aliyetolewa sebuleni. Akasema, "Msichana, tazama. Kuna mtu yeyote anayefanya kitu?"

Nikatazama. Kweli. Wote walikuwa wamesimama, magoti yamekunjwa kidogo, wamenyamaza. Mpigaji ameinua gongo. Mdakaji amechuchumaa. Kila mmoja alikuwa akimtazama yule mtu wa juu ya kichuguu, na yeye alikuwa akisugua mpira kwenye suruali taratibu kama mtu aliye peke yake chumbani. Hakuna mchezo mpaka yeye arushe.

Mjomba, mimi nikitazamwa na watu watatu nasahau jina langu. Nilikaa pale nikifikiri kwamba wewe ulikuwa tayari mtu anayejua kazi yake, watu wanakupigia makofi, na umekubali kuwa tena mtu asiyejua, mbele ya macho yote hayo. Sijui kama ningeweza. Nilitaka kukuambia hilo, basi.

Nilipomweleza mama hakuniamini. Alisema Virginia anapenda kutia chumvi. Kwa hiyo Jumapili iliyofuata alikuja mwenyewe. Alikuja na yunifomu maana zamu yake ilianza saa tano, na wachezaji walipomwona wakadhani tunafukuzwa uwanjani. Mmoja alianza kukusanya glavu zake. Virginia akacheka mpaka akapaliwa.

Mama alikaa wima, mkoba mapajani. Virginia akamwonyesha vituo, vile vifuko vyeupe ambapo mkimbiaji akisimama yuko salama. Kisha akaniuliza, "Yule pale kwenye kituo cha kwanza anataka nini? Mbona anajisogeza?"

Nikamuuliza Virginia. Virginia akasema anataka kuiba kituo cha pili, akimbie wakati mrushaji hajamwona. Ndivyo wanavyoita, kuiba.

"Kuiba?" Mama akaweka mkoba chini. "Na nani wa kumwangalia?"

"Yule wa juu ya kichuguu," Virginia akasema.

"Huku anarusha kule mbele?"

"Ndiyo, dada."

"Bila kumgeukia?"

"Akimgeukia kabla ya wakati, yule anarudi, anajifanya hana habari."

Mama akasema, "Wote wanajifanya hawana habari." Na kuanzia hapo hakumtazama mpigaji tena. Alimtazama yule wa kituo cha kwanza mpaka mchezo ulipokwisha. Mara moja alisema kwa sauti kubwa, kwa Kiganda, neno ambalo sitaliandika, na sekunde ile ile mtu yule akatoka mbio. Virginia aliniuliza kama mama aliwahi kucheza.

Kwenye kituo cha metro alisema, "Basi hawakumtoa lindoni." Nami nikadhani yamekwisha. Lakini tulipofika nyumbani alisema, "Hata hivyo, Hudson anasubiri."

Amenituma ujumbe wa pili. Anasema mwizi usimtazame usoni, usoni atakuchekea. Tazama kisigino. Akiinua kisigino ameshaamua.

Nafasi bado ipo mpaka katikati ya Agosti. Ninatakiwa nikukumbushe, nami nimekukumbusha.

Ummulkheir


21 Julai 2025

Mpwa wangu Ummulkheir,

Nianze na salamu kwa wote, na hasa kwa dada. Mwambie nimejaribu kisigino. Mkimbiaji wa kwanza aliinua kisigino, nikageuka haraka nikarusha kituo cha kwanza, kumbe anajikuna. Watu walicheka. Wezi wa huku wana mafunzo. Lakini wa pili nilimwacha ajikune, nikasubiri, na alipoinua tena nikamnasa katikati akiwa hajui aende wapi. Kocha aliniuliza nimejifunza wapi. Nikamwambia nina dada yuko usalama Dubai. Nadhani ameelewa kitu kikubwa kuliko nilivyomaanisha, maana siku hizi ananisalimia vizuri.

Umekwenda peke yako kwa metro mpaka Discovery Gardens ili ujue mimi ninafanya nini. Nimeisoma sehemu hiyo nikiwa kwenye basi la timu na nimegeukia dirishani kidogo. Basi na mimi nikuandikie vizuri.

Aprili nilikuandikia kwamba wameniondoa, na kwamba ni habari ndogo. Ukweli ni kwamba siwezi kupiga. Mipira inayokuja moja kwa moja naipiga. Lakini ipo mingine, inakuja kana kwamba itakugonga kifuani, halafu inateleza nje dakika ya mwisho. Hiyo siioni. Nimejaribu misimu mitatu, nimesimama mbele ya mashine ya kurusha mipira mpaka viganja vikachubuka, na siioni. Kocha mkuu aliniita akasema, "Glavu yako ni ya ligi kubwa. Gongo lako ni la shule ya msingi." Akasema kuna njia mbili, nipande kichuguu au wanisindikize uwanja wa ndege. Kwa hiyo dada hakukosea sana. Alisikia harufu ya kitu ambacho mimi sikukiandika.

Mechi yangu ya kwanza ya kurusha nilikuwa nimeshapokea barua yako yenye habari za Hudson. Mpira wangu wa kwanza ulipita juu ya mdakaji, ukapita juu ya mwamuzi, ukagonga wavu. Mzee mmoja kwenye mabenchi akaniambia, "Kijana, mdakaji wako amekaa huku chini." Wa pili ukaingia udongoni. Wapigaji wanne mfululizo wakapewa kituo bure kwa sababu sikuweza kuuweka mpira mahali pake. Kocha akatoka kutembea kuja kwangu, na matembezi yale, Ummu, ni marefu. Alinyoosha mkono apewe mpira. Nikampa. Usiku ule ndipo nilipoandika ile barua fupi. Nilikuwa nimeandika kwanza kwamba ninakuja. Nikaitupa, nikaandika kwamba siji. Nayo nikaitupa. Iliyobaki ndiyo mliyoipata.

Walinifundisha upya mwezi mzima. Namna ya kushika. Namna ya kuinua goti. Mvulana wa miaka kumi na minane ananionyesha vidole viweje, nami nasema ndiyo bwana. Sikuwa nimewahi kutojua kiasi hiki tangu glavu zile sita. Na kitu cha ajabu ni kwamba kila asubuhi nilikuwa nawahi.

Wiki iliyopita waliniita katikati ya mechi. Tulikuwa tunaongoza kwa moja, na wapinzani wamejaa vituo vyote vitatu, na hatujamtoa hata mmoja kati ya wale watatu wanaotakiwa kutolewa. Ukikosea kidogo tu, wameingia. Nilirusha mitatu mizuri. Wa nne mpigaji akauchapa, chini chini, kwa nguvu, ukanijia miguuni mwenyewe. Warushaji wengi hapo huruka. Mimi sikufikiri. Nililala upande wa kushoto, nikauzuia, nikapiga goti, nikaurusha kwa mdakaji, kwenye kituo cha mwisho wanachokiita nyumbani, naye akaupeleka kituo cha kwanza. Wawili nje kwa mpira mmoja. Kwa muda nilisahau kabisa kwamba mimi ni mrushaji. Halafu nikapanda kichuguu changu na kumtoa wa mwisho kwa mpira ule ule unaoteleza, ule ambao mimi mwenyewe siwezi kuuona.

Sehemu hii inayofuata msomee dada kama ilivyo.

Dada, nisamehe. Sitakuja. Sijawahi kukukatalia kitu. Ulinichukua nikiwa na miaka saba na hukuniuliza ninakula kiasi gani. Najua nafasi ya ndani ni kitu gani na najua umemwomba nani na kwa heshima gani. Nikija nitakuwa mlinzi mzuri, wewe mwenyewe utanifundisha. Lakini hapa sijamaliza. Huenda wakaniondoa mwakani, sijui, hapa hakuna anayejua. Nataka waniondoe nikiwa juu ya kichuguu, si nikiwa nimeshuka mwenyewe.

Mdogo wako na mjomba wako,
Nasifu


Al Twar
13 Agosti 2025

Kwako mjomba Nasifu,

Shikamoo. Sisi ni wazima. Baba ameweka stempu ya tatu kwenye friji. Mimi nimepata kazi, ni ya majaribio, naandika hesabu katika ofisi ya jirani wa baba huko Deira, na katika siku ya kwanza nilimjibu mteja kwenye simu na akanisikia mara ya kwanza.

Barua yako ilifika Ijumaa. Nilimsomea mama yote. Nilipofika kwa yule mzee wa mabenchi alisema, "Mshenzi." Nilipofika kwenye mpira wa miguuni aliweka mkono mdomoni. Nilipofika kwenye sehemu yake sauti yangu ilipungua, akasema, "Soma kwa nguvu." Nikasoma. "Soma tena pale." Nikasoma tena pale, "Sitakuja." Akaenda kuosha sahani ambazo zilikuwa zimeshaoshwa.

Jumatatu alitoka kwenda kazini mapema. Saa nne akanipigia. Akasema chini ya kitanda chake upande wa ukuta kuna boksi, nimpelekee kazini, nisilifungue. Nikapanda metro nalo mapajani. Nilimkuta kwenye chumba cha walinzi, na Bwana Hudson yupo, anapanga zamu za wiki, na walinzi wengine wanne wanakunywa chai.

Hudson akamwita kwa heshima ya Kiganda, "Nyabo Jalia, leo nipe jibu. Huyo ndugu anakuja ama haji? Nina watu wanalilia hiyo nafasi."

Mama akasema, "Mpe mwingine."

"Kwani amepata nini huko?"

"Ana kazi."

"Kazi gani tena? Si ule mpira?"

"Huo huo," mama akasema. "Wako tisa uwanjani, na hakuna anayeinua mguu mpaka mdogo wangu arushe."

Hudson akasema, "Kama mimi na ratiba ya zamu," na wote wakacheka. Mama hakucheka. Alichukua boksi mikononi mwangu akaliweka juu ya meza, juu ya karatasi za Hudson. Ndani kulikuwa na viatu vyeusi vya kazi, vipya, vimeshapakwa rangi. Vikubwa. Sisi nyumbani hakuna mwenye mguu ule. Nilimtazama mama, naye hakunitazama.

"Ni namba arobaini na tano," akamwambia Hudson. "Mpe atakayechukua nafasi. Akiwa na mguu mdogo avae soksi mbili."

Mjomba, sasa naweza kuandika jambo ambalo nilikuambia sina maoni juu yake. Sikutaka uje. Kila barua nilipokukumbusha nafasi ya Hudson nilikuwa natamani ipotee posta. Lakini sikuwa nimejua kuhusu viatu. Ningejua, sijui kama ningekuwa na ujasiri wa kutamani.

Nilimsubiri mpaka zamu ikaisha tukarudi pamoja. Kwenye metro, tulipofika kituo cha Union, akasema, akitazama mlango, "Miaka mitano sijamwona." Nikamshika mkono. Akaniachia nikamshika mpaka tukafika.

Nyumbani nilimuuliza nikuandikie nini kutoka kwake. Alifikiri sana. Akasema, "Mwambie viatu vyake nimevigawa."

Nikamuuliza kama niandike hivyo hivyo, bila kuongeza kitu.

Akasema, "Hivyo hivyo. Ataelewa."

Mpwa wako,
Ummulkheir